Machozi na Jembe

I. Nchi ya miteremko

Msafiri atokaye Mombo, mahali pa joto na mashamba ya katani, akipanda kwenda Soni na Lushoto, huona upesi ya kuwa ameingia nchi nyingine. Upande mmoja wa barabara umesimama ukuta wa mawe na udongo. Upande wa pili ni bonde lenye kina, na mto wapita chini kwa kishindo. Kadiri apandavyo, ndivyo hewa inavyozidi kuwa ya baridi, hata afikapo Lushoto hutafuta koti lake. Milima ya Usambara ina vilele vipitavyo mita 2,000, na mabonde yake yamejaa watu.

Nchi hiyo ni njema, lakini si tambarare. Wasambaa hulima mahindi, maharagwe, viazi, kabichi, migomba, kahawa na mapeasi, na mahali pengine chai. Kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni haba, mashamba yamepanda juu ya mlima mpaka mgeni hustaajabu jinsi mkulima asivyobingirika pamoja na jembe lake. Nyumba nazo zimejengwa ubavuni. Mwenye kujenga huukata mlima, akapata kiwanja kidogo, na nyuma ya nyumba yake hubaki ukuta wa udongo ulio wima.

Siku za jua ukuta huo ni mgumu kama tofali. Siku za mvua mambo ni mengine. Maji huingia ndani ya udongo, udongo huwa mzito, na chembe zake zilizokuwa zimeshikana huanza kuteleza. Kama miti ingalikuwapo, mizizi yake ingaliushika udongo kama vidole vishikavyo kitambaa. Miti ikiisha kukatwa, mizizi huoza kwa miaka michache, na mlima hubaki pasipo kitu cha kuushika. Ndipo mvua ya masika au ya vuli ikinyesha usiku kucha, kipande cha mlima hushuka. Hushuka na shamba, hushuka na njia, na pengine hushuka na nyumba yenye watu ndani.

Jambo hili si geni katika milima hiyo wala kwa jirani zake. Mwezi wa Novemba 2009, katika Milima ya Upare iliyo kaskazini-magharibi ya Usambara, mlima ulibomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilaya ya Same, na watu zaidi ya 20 wakafa. Waliolala jioni wakiwa wenye nyumba na jamaa, waliamka wakiwa hawana nyumba wala jamaa.

Katika misiba ya namna hii watu wote husikitika. Hulia, husimama kimya, hushusha bendera, huchanga fedha, hutuma nguo. Na baada ya siku chache, aulizaye huuliza: je, huzuni hii yote na sadaka hizi zamfaa kweli yule aliyeangukiwa na mlima? Au zamfaa zaidi yule mwenye kulia, apate kutulia moyo na kurudi kwenye kazi zake? Ulizo hili ni zito, wala halifai kujibiwa kwa haraka.

II. Habari za Hanang

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, katika mkoa wa Manyara. Mlima huo wapita mita 3,400 kwenda juu, na chini yake uko mji wa Katesh pamoja na vijiji vingi. Matope yaliingia katika nyumba na maduka, yakafukia watu na ng'ombe. Watu 89 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai katika mkutano wa mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi; akaikatiza safari yake, akarudi, akaenda Katesh kuwapa pole waliofiwa. Serikali ilichukua gharama za mazishi na za matibabu. Watu wa mikoa mingi wakatoa vyakula, magodoro, mablanketi, nguo na fedha.

Sasa msomaji na afikiri nyumba moja ya Usambara, mfano wa nyumba nyingi, siku habari hizo ziliposomwa redioni. Alikuwamo bibi mmoja akichambua maharagwe kwenye ungo, na wajukuu wake wawili, mvulana wa darasa la sita na dada yake.

Mvulana akasema, "Bibi, kesho twachanga shuleni kwa ajili ya watu wa Hanang. Mimi nitatoa shilingi mia mbili zangu."

Dada yake akacheka kidogo. "Mia mbili zako zitaondoa matope gani? Waliokufa wamekufa. Bendera ikishushwa, nyimbo zikiimbwa, hapana hata mmoja atakayefufuka. Watu hulia ili waonekane wamelia. Wiki ijayo watakuwa wamesahau, na yule mama aliyefiwa na watoto wake atakuwa angali amekaa pale pale."

"Wewe una moyo wa jiwe!" akasema mvulana. "Bibi, mwambie!"

Bibi hakuinua macho. Alitupa jiwe dogo lililokuwa kati ya maharagwe, akasema, "Kila mmoja wenu amesema nusu ya kweli, nanyi mwapigana kwa nusu hizo. Kesho mkitoka shule mtanisindikiza. Mzee wa ng'ambo ya kijito amefariki, nasi yatupasa kwenda kuhani. Huko mtaipata nusu iliyobaki."

III. Msibani

Siku ya pili walikwenda. Njiani waliungana na watu wengi, na kila mmoja alikuwa na kitu. Huyu alikuwa na mzigo wa kuni kichwani, huyu na ndoo ya maji, huyu na mkungu wa ndizi, huyu na unga katika kikapu. Bibi mwenyewe alichukua maharagwe yale aliyoyachambua jana.

Walipofika, bibi aliwaambia wafiwa, "Poleni na msiba." Nao wakamjibu, "Tumeshapoa, mama." Akaingia ndani akakaa na wajane. Nje, chini ya mti, mtu mmoja alikuwa akiandika michango katika daftari, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi. Vijana walikuwa makaburini. Wanawake walikuwa jikoni, na moshi ulikuwa mwingi.

Jioni walipokuwa wakirudi, bibi akauliza, "Mmemwona yule mama aliyefika akilia kwa sauti kuu, mpaka akashikwa mikono?"

"Tumemwona, bibi."

"Alipokwisha kulia alifanya nini?"

Msichana akajibu, "Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kuosha masufuria."

"Na yule kijana aliyekuja kimya, asitoe chozi?"

"Alichimba kaburi," akasema mvulana.

"Basi nionyesheni machozi yaliishia wapi na kazi ikaanzia wapi."

Watoto wakanyamaza, maana hawakuweza kuonyesha.

Bibi akaendelea, "Hapa kwetu aliaye ndiye apikaye. Jicho lililolia ndilo lililoona ya kuwa nyumba ile haina chumvi, na ya kuwa mtoto mdogo ana homa. Tusingalikwenda kulia, tusingaliona. Nawe, mjukuu wangu," akamgeukia msichana, "wasema watu hulia ili waonekane. Wako wa namna hiyo, hata leo niliwaona wawili. Lakini hata hao walileta kuni, na kuni zao zimewaka kama kuni za wengine."

IV. Kazi ya machozi

Maneno ya bibi yule yafaa kupimwa, kwa maana ndani yake yako mambo matatu.

Kwanza, msiba wa kawaida na msiba wa maafa si sawa. Mzee mmoja akifa, nyumba moja hufiwa na kijiji kizima huja kuituliza. Mlima ukibomoka, au mto ukifurika, kijiji chenyewe ndicho kifiwacho. Mchimba kaburi naye amekufa. Mwenye sufuria kubwa ya matanga, sufuria yake imo chini ya matope. Jirani ambaye angalileta unga hana unga. Hapana mtu wa kusema "pole" kwa mwenzake, kwa kuwa kila mmoja angoja kuambiwa. Hapo matanga hayawezi kukaliwa na watu wa kijiji hicho peke yao. Lazima wahani watoke mbali, katika wilaya nyingine na mikoa mingine. Kwa hiyo maombolezo ya taifa zima si maonyesho matupu. Ni kijiji kikubwa kwenda kukaa msibani mwa kijiji kidogo.

Pili, pole humwambia mfiwa kwamba hakutupwa. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na watoto kwa saa moja hushawishika kuketi asifanye neno lolote tena. Chakula chaweza kumfikia naye asile. Amwonapo mtu asiyemjua amekuja kwa ajili yake, hupata sababu ya kusimama. Faida hii haipimwi kwa kilo wala kwa shilingi, lakini kila aliyepata kufiwa aijua.

Tatu, maombolezo ya hadharani ni ushahidi. Waliokufa wamehesabiwa, na mahali walipokaa pametajwa. Kiongozi aliyesimama mbele ya majeneza na kuahidi msaada, ameahidi mbele ya mashahidi, na watu waweza kumkumbusha. Msiba uliofichwa haumdai mtu chochote.

Lakini upande wa msichana nao una kweli yake. Machozi ya mbali huchoka upesi. Habari mpya ikija, habari ya kwanza husahauliwa, na magari huondoka. Ndipo shida ndefu ya mfiwa inapoanza. Katika mwezi wa tatu hana mbegu ya kupanda, shamba lake limefunikwa mawe, mtoto wake hana sare ya shule, naye angali anakaa kwa ndugu ambao wameanza kumchoka. Kama machozi yote yalimwagwa wiki ya kwanza, basi mwezi wa tatu huwa mkavu. Kosa halimo katika kulia, ila katika kudhani ya kuwa kulia ndiko mwisho wa wajibu.

Iko hatari nyingine tena. Mahali pa mbali, jicho na mkono hutengana. Msibani kijijini, mtu yule yule huona haja na kuitimiza. Mtu wa mbali hulia bila kuona, kisha hutoa bila kuuliza. Sadaka yake huenda kama kipofu njiani: pengine yafika, pengine yaangukia shimoni.

V. Sadaka yenye macho

Sadaka njema hujua wakati wake. Siku za kwanza watu wahitaji kuokolewa katika matope, kutibiwa majeraha, kupata maji safi, kifuniko cha usiku na chakula kilichokwisha kupikwa. Maji machafu baada ya mafuriko huleta maradhi ya kuhara, na maradhi hayo yaweza kuwaua walioponea mlima. Kazi hii huwawia vyepesi zaidi wale waliojifunza kabla ya hatari kuja. Ndiyo maana vipo vyama kama Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichowekwa kwa sheria mwaka 1962, chenye watu wa kujitolea waliofundishwa kuokoa na kuuguza.

Baada ya siku hizo haja hubadilika, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtu hukusanya nguo zake kuukuu na kuzituma mamia ya maili. Nguo hizo zataka gari, zataka watu wa kuzichambua, na mwishowe huenda zikapatikana koti kumi za mtu mzima na hakuna hata kaptula moja ya mtoto. Fedha ni nyepesi kuchukulika. Aliyepewa fedha hununua anachokosa, si alichokisia mtu mwingine, na tena hununua katika soko la karibu, hata mwenye duka na mkulima jirani wakapata kuinuka pamoja naye. Mahindi ya bure yakiletwa mengi mno mahali ambapo jirani wana mahindi ya kuuza, jirani hao nao hupata hasara. Kwa hiyo hekima ni kuuliza kwanza kama chakula hakipatikani kabisa, au kipo sokoni lakini mwenye njaa hana cha kununulia.

Baadaye huja haja iliyo kubwa kuliko zote: nyumba na mahali pa kukaa salama. Katika habari ya Hanang jambo hili halikusahauliwa. Nyumba zaidi ya 100 zilijengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi yao, na kazi hiyo ilichukua muda wa mwaka mzima, muda mrefu baada ya habari za msiba kuacha kusomwa kila siku. Hiyo ni alama njema ya kupimia huruma: atakayejua kama huruma ni ya kweli, na aitazame mwisho wa mwaka, siyo mwisho wa wiki.

Tena yafaa kukumbuka tetemeko la ardhi la Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka huko kwa nguvu ya 5.9 katika kipimo cha matetemeko. Watu 17 walikufa, mamia wakaumia, na nyumba maelfu zikabomoka au kupasuka. Michango ilitoka ndani ya nchi na nje. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Rais John Magufuli aliwaambia watu wa Kagera ya kuwa serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Fedha zitatengeneza mali ya wote, kama shule na hospitali. Wako walioona neno hilo kuwa la haki, kwa sababu shule moja huwafaa watoto wengi na fedha hazikutosha nyumba zote. Wako pia waliosikitika, kwa sababu walidhani kilichochangwa kwa ajili ya waliobomokewa kitawafikia nyumbani mwao. Mwenye busara hapati shida kuona kwamba kila upande una sababu. Funzo lenyewe ni hili: mwenye kukusanya na aseme mapema sadaka itafanya kazi gani, kisha atoe hesabu. Yule mtu wa msibani mwenye daftari chini ya mti alijua jambo hilo bila kufundishwa. Daftari lile ni sehemu ya matanga kama yalivyo machozi.

VI. Kabla ya mlima kushuka

Yote yaliyosemwa mpaka hapa yahusu msiba uliokwisha kuja. Lakini wazee wa Usambara walitazama mbele zaidi. Walikuwa na semi mbili juu ya nchi yao: kuzifya shi, ndiyo kuiponya nchi, na kubana shi, ndiyo kuiharibu nchi. Walisema mtawala mwenye nguvu na amani huiponya nchi, mvua ikaja kwa wakati wake na watu wakashiba. Bali wakuu wakigombana huiharibu, njaa ikaingia. Leo watu wajua zaidi jinsi mvua ifanyikavyo. Hata hivyo moja la wazee lingali kweli: mvua hutoka mbinguni, lakini kwa sehemu kubwa madhara yake hutegemea jinsi watu walivyokaa juu ya nchi na jinsi walivyopatana.

Kuiponya nchi kwaweza kufanywa vibaya au vyema, na Usambara imeona namna zote mbili. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa kwingine katika Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta na kuacha kulima mahali penye mteremko mkali. Asiyetii alitozwa faini. Kazi ngumu ya matuta iliwaangukia hasa wanawake, na watu waliogopa kwamba watapoteza mashamba yao. Uchungu ulizidi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha, mpango ukaachwa. Ni kweli udongo ulihitaji kulindwa. Lakini wenye udongo hawakuulizwa, na msaada usiomwuliza mwenye shida humwongezea shida.

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi mwingine, uitwao SECAP, kwa msaada wa Ujerumani, nao uliendelea mpaka mwaka 2000. Wakulima walipanda majani ya gwatemala, vichaka na miti kwa mistari izungukayo ubavu wa mlima, kila mstari ukizuia udongo wa juu yake. Majani yale yale yakawa chakula cha ng'ombe waliofungwa zizini, na samadi ya ng'ombe ikarudi shambani. Mkulima aliona faida kwa macho yake katika maziwa na katika mavuno, wala hakuhitaji kutozwa faini ili apande majani.

Pia kila mkaaji wa milimani apaswa kuzijua dalili za hatari. Ardhi ikipasuka juu ya nyumba, miti au nguzo zikianza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukikwama ghafula, chemchemi mpya ikitokea au maji ya kijito yakibadilika kuwa matope pasipo sababu ya kuonekana, hizo ni barua ambazo mlima waandika kabla ya kuja. Mvua ikinyesha kwa nguvu usiku, mtu mwenye dalili hizo na asilale ndani. Sheria ya nchi ya mwaka 2022 juu ya usimamizi wa maafa yataka ziwepo kamati kuanzia taifa mpaka kijiji. Lakini kamati haiwezi kuona kila ufa, jirani aweza.

VII. Ufa

Jioni ile ile, bibi na wajukuu wake walipita juu ya nyumba ya mjane mmoja, aliyekaa peke yake na mtoto mchanga wa binti yake. Msichana alisimama ghafula.

"Bibi, tazama hapa."

Ardhi ilikuwa imepasuka, mstari mrefu kama hatua ishirini, na kiganja cha mtu kingeweza kuingia. Maji ya mvua ya jana yalikuwa yameingia humo na kupotea. Chini yake, yapata mwendo wa kurusha jiwe, moshi ulikuwa ukitoka katika paa la mjane.

Bibi alitazama kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ufa huu niliuona mwezi jana, ulikuwa mwembamba. Nikasema nitamwambia mwenyekiti, nikasahau." Akanyamaza, halafu akaendelea: "Leo watu mia walikuja kumzika mzee. Huyu mama akifa usiku huu na mtoto, kesho watakuja mia mbili. Wataleta kuni, wataleta unga, watalia sana, na mimi nitalia kuwashinda wote. Lakini leo hapana hata mmoja aliyekuja na jembe."

Mvulana akauliza, "Basi, tusipeleke fedha Hanang, tumsaidie huyu?"

"Sikusema hivyo," akajibu bibi. "Wa Hanang wamekwisha nyolewa. Huyu bado. Aliyekwisha nyolewa hupewa kilemba, na asiyenyolewa hutiwa maji. Yote ni kazi ya mkono mmoja."

Usiku ule mjane alilala kwa bibi pamoja na mtoto. Asubuhi bibi alimwendea mwenyekiti wa kitongoji kabla ya jua kuwa kali, na Jumamosi msaragambo ukaitwa. Hawakuja mia, walikuja kumi na mmoja. Walichimba mtaro juu ya ufa ili kuyageuza maji yaende kijitoni, wakaujaza ufa kwa udongo wa mfinyanzi na kuushindilia, wakapanda majani ya gwatemala kwa mistari. Mzee mmoja aliyejua kazi hiyo aliwaonya wasijidanganye: "Hii ni dawa ya kumpa nafasi. Nyumba yenyewe haina budi kuhama." Wakakubaliana ndugu za mjane wampe kiwanja upande wa pili, na watu wamsaidie tofali.

Shilingi mia mbili za mvulana zilikwenda Hanang pamoja na za wenzake. Siku ile ya kuchanga, dada yake hakusema neno. Lakini mwalimu alipohesabu, alikuta ya kwamba msichana naye ametoa mia mbili.

Jumapili usiku mvua ilinyesha tena, kubwa kuliko ya kwanza. Katika nyumba ya bibi watu watano walikuwa macho wakiisikiliza, na mtoto mchanga alikuwa amelala.

Hivi ndivyo ulizo la mwanzo linavyojibiwa. Pole yamfaa mfiwa ikiwa ina miguu ya kumfikia na macho ya kuona haja yake. Sadaka yamfaa ikiwa yauliza kabla ya kutoa, yadumu baada ya habari kupoa, na ina hesabu ya kuonyesha. Na huruma iliyo bora ni ile ifikayo kabla ya matanga. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Walisema tena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mtu wa milimani maneno hayo ya pili si methali tu. Ni habari ya ukuta wa nyuma ya nyumba yake.

Maneno ya kueleza

Matanga: siku za kukaa na wafiwa baada ya mazishi.
Kuhani: kwenda kuwapa pole waliofiwa.
Msaragambo: kazi ya pamoja ya watu wa kijiji bila ujira.
Kuzifya shi: kuiponya nchi, kwa lugha ya Kisambaa.

Maulizo

1. Eleza kwa nini mlima uliokatwa miti hubomoka upesi kuliko mlima wenye miti.
2. Msiba wa maafa hutofautianaje na msiba wa nyumba moja? Kwa nini wahani hawana budi kutoka mbali?
3. Msichana alisema nini juu ya machozi ya watu? Ni neno gani katika maneno yake lililo kweli?
4. Kwa nini mara nyingi fedha hufaa kuliko nguo kuukuu?
5. Linganisha mpango wa Mlalo wa mwaka 1946 na mradi ulioanza mwaka 1981. Kwa nini wa kwanza uliachwa?
6. Tembea kuzunguka nyumba yenu na shule yenu. Andika kila dalili ya hatari uionayo, umwonyeshe mzazi au mwalimu.
7. Waliokuja kumzika mzee walikuwa mia, na waliokuja na majembe walikuwa kumi na mmoja. Fikiri sababu zake, kisha useme ni jambo gani lingeweza kufanywa ili hesabu hiyo ibadilike katika kijiji chenu.